Mama alikuwa akihama na mkeka: nimeng'oa pevingi za nyuma ya nyumba, Iyumbu

MWENYEJI WA IYUMBU (mwanzisha uzi)

Habari za majukumu wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Wenye uzoefu wa kujenga na kuishi Dodoma naomba mje, kwa sababu kuna maamuzi mawili bado yamenikwama.

Mwaka 2018, mwaka uleule Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji, nilipata kiwanja hapa Iyumbu, mita 20 kwa 30. Nyuma kulikuwa na mkungugu mmoja mkubwa, juu bapa kama mwavuli. Kiangazi mbuzi wa watu walikuwa wanakuja kuokota maganda yake. Fundi niliyempa kazi ya msingi akaniambia kata, mti huu utapasua nyumba na utaleta nyoka. Sikumuuliza mtu mwingine. Asubuhi moja tu, chenso, ukalala. Magogo nikampa mtu akachoma mkaa.

Nyumba ni vyumba vitatu. Sebule inatazama barabara, na barabara iko magharibi, kwa hiyo dirisha kubwa la aluminiamu, kioo karibu mpaka sakafuni, likaelekea huko. Mwaka wa tatu tukamaliza fensi na geti, tukapanga pevingi, zile tofali za zege za kutandaza chini, uwanja wote mpaka kwenye mzizi wa ukuta. Kwa kweli ilipendeza, na tuliona tumemaliza.

Mwaka jana Septemba mama alikuja kutoka Kilosa kukaa nasi miezi miwili. Mama yangu si mtu wa kukaa ndani mchana. Anataka mkeka, ungo wake na mahali pa kunyoosha miguu. Saa tatu asubuhi anatandika magharibi ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Saa tano kivuli kimebaki upana wa mkono, anajikunja. Saa sita hakuna kivuli uwanjani kwangu hata cha kuficha kuku. Saa tisa anahamia mashariki, na huko upepo wa Septemba unamjazia vumbi kwenye mchele anaochagua. Wiki ya pili akaacha kuhangaika. Akawa anachukua mkeka anatoka getini kwenda kwa jirani, ambako kuna mwarobaini.

Siku moja nilirudi saa nane nikamkuta amelala chini ya mti wa watu, kanga usoni. Aliamka akaniambia, "Mwanangu, kwako pazuri, ila hapana pa kukaa." Nilipofika kwangu nilivua kiatu nikakanyaga pevingi. Sikufika hatua kumi.

Basi nimeamua. Mwezi uliopita nimeng'oa pevingi za nyuma, eneo la mita 6 kwa 14. Chini yake kuna mchanga wa kulazia, halafu moramu, ile changarawe nyekundu ya kujazia, iliyoshindiliwa. Nilichimba shimo la futi mbili, nikamwaga ndoo mbili za maji saa kumi jioni. Asubuhi maji bado yalikuwa yamesimama humo kama kwenye beseni. Hapo nikaelewa kwa nini kila mvua ikinyesha uwanja wangu wote unatoka kupitia chini ya geti na kuingia kwa jirani wa bondeni. Miaka mitatu sikujua kwamba tope analolalamikia linaanzia kwangu.

Nauliza mambo mawili. Dirisha la magharibi nilifanyeje bila kubomoa? Na maji ya kumwagilia: nijenge tanki la chini la zege au ninunue matanki ya plastiki? Kwetu maji ni ya mgao, na kisima cha jirani kina chumvi, birika lake limeota ukoko mweupe kama chokaa.

Naomba kuwasilisha.

FUNDI KIZOTA

Mkuu, asante kwa kusema wazi. Mimi ni fundi, kosa hili la dirisha la magharibi nimelijenga mara nyingi kwa sababu mteja anataka sebule itazame barabara. Siku hizi namwambia mapema, akikataa najenga, lakini nimeshasema.

Jua letu ni hivi. Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, na mchana mara zote liko juu sana. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unaulinda kwa upenu wa paa tu: toa bati sentimita 60 hadi 90 nje ya ukuta, kivuli kinashuka chenyewe. Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Saa kumi jua limeinama, linapita chini ya paa lako hata ulitoe mita mbili, linaingia mpaka kwenye kochi. Kwa hiyo usipoteze hela kurefusha paa upande huo. Unachohitaji ni kitu kilichosimama mbele ya kioo, nje. Pazia la ndani halitoshi, joto likishavuka kioo limeshaingia.

Njia za kitu kilichosimama: ukuta mwembamba wa tofali za matundu hatua moja na nusu mbele ya dirisha, au fremu ya mabomba na mmea unaotambaa. Tofali za matundu unamaliza leo na umesahau. Mmea ni wa bei ndogo na unapoza zaidi, ila unataka mtu wa kuuangalia. Jibu hapo linategemea nani yuko nyumbani.

Jingine ambalo hukuuliza: juu ya siling ya jipsamu kuna matundu ya kutolea hewa? Nyumba nyingi za kontempo, zile za kuficha bati kwa ukuta, zimeziba kila kitu. Hewa ya moto inakaa kati ya bati na jipsamu mpaka saa nne usiku, watu wanahisi dari linawaka. Toboa pande mbili zinazotazamana, weka wavu wa popo. Ni kazi ya siku moja. Na kama umeficha bati, gata la ndani lisafishe kabla ya mvua ya kwanza, hasa ukipanda mwarobaini karibu. Majani yake yanaziba koo la bomba, maji yanarudi ndani ya ukuta.

Mwarobaini wenyewe uwe hatua saba au zaidi kutoka kwenye nyumba na kwenye shimo la choo.

MPANGAJI AREA C

Sisi wapangaji tunafaidikaje? Nina kibaraza cha mita mbili, mwenye nyumba hataki nitoboe wala nichimbe.

FUNDI KIZOTA

Ndoo kubwa mbili, udongo na samadi, panda pesheni zitambae kwenye grili. Ukihama unahama nazo.

MAMA WA NZUGUNI

Habari zenu. Nimesoma kuhusu mama na mkeka nikamkumbuka wangu, pole kaka.

Kuhusu maji ngoja nikupe hesabu niliyoifanya mwenyewe, maana mimi niliingia gharama kabla ya kuhesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Basi. Dodoma tunapata kama milimita 550 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 140, ambalo ndilo la vyumba vitatu na kibaraza, linapokea lita 77,000. Toa moja ya tano kwa zinazoruka na zinazosafisha bati, zinabaki lita 61,600.

Watu watano wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku ni 250. Kiangazi cha miezi minane, siku 240, ni lita 60,000. Unaona? Paa lako linaweza karibu kuwanywesha na kuwaogesha kiangazi kizima. Tatizo ni pa kuyaweka. Tanki la lita 60,000 ni nyumba nyingine ya chini ya ardhi, na hapo ndipo mimi na mume wangu tulipokwama. Tulichimba, tukajenga nusu, hela ikaisha, shimo likakaa wazi mwaka mzima, mimi usiku sikulala nikiwaza watoto.

Kaa chini uulize maji ni ya nini. Kama ni ya miti, hesabu inageuka kabisa. Mti mchanga ukiwekewa kisahani cha udongo cha kushika maji kuzunguka shina, na matandazo, unaishi kwa lita 20 kwa wiki. Miti kumi ni lita 200. Tanki moja la lita 10,000 ni wiki 50. Yaani tanki moja la plastiki, lililojaa mvua ya Aprili, linakupeleka mpaka mvua nyingine na linabaki. Sisi tulifukia lile shimo, tukanunua tanki moja, mwaka uliofuata la pili.

Mambo matatu ya kuangalia. Mvua ya kwanza kabisa geuza bomba imwagike, inaosha vumbi la miezi minane. Mdomo wa tanki weka wavu wa mbu. Na bomba la kufurikia usiliache limwagike kwenye msingi, lipeleke kwenye shimo la mti.

Maji ya mvua yaache kwa miche na yale ya chumvi usiyaguse kwao. Mimi nilipoteza ndimu nne kwa maji ya kisima. Majani yanaungua kuanzia kwenye kingo, kama karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa, unadhani ni kiu, unaongeza maji, unazidi kuua.

FUNDI KIZOTA

Naongezea kwa mama hapo juu. Tanki la zege la chini usilijenge kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi ukaingiza mguu na kuvimba masika. Unalisukuma tanki mpaka linapata nyufa. Kwenye kichanga chekundu linakaa, ila bado ni kazi ya fundi anayejua nondo.

MZEE WA MVUMI

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu Wagogo.

Nimesoma yote kwa msaada wa mjukuu. Nina maneno mawili na swali moja.

La kwanza, baba zetu hapa Ugogo walijenga tembe. Nguzo, boriti, fito, na juu udongo, paa bapa, nyumba fupi unayoinama kuingia, imezunguka ua wa ng'ombe. Watu wakija wanaiona ni nyumba ya mtu asiyekuwa na bati. Lakini ukiingia saa nane mchana ni baridi, na ukilala Julai, upepo unapopiga nje, ina joto. Udongo mnene unachelewa kupata moto na unachelewa kupoa. Na ilikuwa fupi kwa sababu ya upepo. Simwambii mtu arudi tembeni, mimi mwenyewe naishi chini ya bati. Ila waliojenga hapa walianza na jua na upepo, barabara ilikuja baadaye.

La pili, huku mkivua mapori ya viwanja kwa katapila mnaleta miche kutoka kitaluni ya kumwagilia kwa ndoo, wakati mliyoing'oa ilikuwa hainywi ndoo ya mtu.

Swali: huo mkungugu mliokata, kisiki mlikitoa?

MWENYEJI WA IYUMBU

Shikamoo mzee. Hatukukitoa. Kiko kona ya nyuma, hatua tisa kutoka kwenye nyumba na kama tatu kutoka kwenye fensi. Kilikatwa usawa wa ardhi, pevingi zikapita juu yake. Kila mwaka baada ya mvua kuna vijiti vya miiba vinainua tofali mbili tatu pale, navikata kwa panga.

MZEE WA MVUMI

Marahaba. Sasa umenijibu na umejijibu. Hivyo si vijiti, huo ni mti wako. Mizizi yake iko kule chini tangu kabla hujazaliwa, inajua maji yako wapi. Mche wa kitaluni una mzizi wa urefu wa kalamu.

Vijijini kwetu wamekuja watu wa kampeni ya Kisiki Hai wakatufundisha upya jambo ambalo wazee walilijua, na limeota kweli, mashamba yaliyokuwa meupe leo yana miti. Fungua pevingi pale, ondoa moramu taratibu kwa mkono, usitumie sururu karibu na kisiki. Maotea yatakuja mengi, hata kumi na tano. Chagua matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata. Hayo matatu pogolea matawi ya chini, nusu ya chini ya urefu wake, kwa kisu kikali ili gome lisichanike. Funga kitambaa chenye rangi ili kila mtu ajue ule si kichaka cha kufyeka. Linda na mbuzi. Mwaka unaofuata utajua lipi ni la kubaki.

Usiloweshe maji. Wewe acha tu kuukata.

DADA WA MSALATO

Mzee wangu, heshima yako, lakini nyumbani kwenye watoto wadogo mkungugu una miiba mirefu meupe. Mwanangu alichomwa kisigino, uliingia ukakatikia ndani, tulienda hospitali. Mimi nilipanda mlonge na mkomamanga, havina shida. Mlonge ndani ya mwaka umepita paa, majani tunakula, maganda tunakula.

MZEE WA MVUMI

Ni kweli binti yangu. Ndiyo maana matawi ya chini yanaondolewa na kufagiliwa siku hiyohiyo. Mlonge ni mti mzuri, ila kivuli chake ni chepesi, jua linapita katikati. Uwe nayo yote miwili.

MKE MWENYEWE

Shikamooni wakubwa, habari kwa wengine. Mimi ndiye mama mwenye nyumba ya uzi huu. Nimeonyeshwa na shemeji yangu, nikaona niandike, kwa sababu kuna upande ambao baba watoto hajausema.

Pevingi niliziomba mimi. Tulipohamia tulikaa miaka miwili kwenye uwanja wa udongo mtupu. Kuanzia Julai upepo ukianza, nafagia sebule asubuhi, saa sita nafagia tena, jioni naandika jina langu kwa kidole juu ya meza. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Usiku wa Agosti nilikuwa nakaa naye kitandani nimemwegemeza kifuani, nasikiliza kifua chake. Masika tope linaingia mpaka chumbani. Pevingi zilipoisha, mtoto alipata nafuu. Hilo niliona kwa macho yangu, siwezi kuambiwa pevingi ni kosa tu.

Kwa hiyo aliposema anang'oa, nilikataa. Tuliongea wiki nzima. Nilichomwambia ni kwamba adui yangu ni udongo ulio uchi, simaanishi pevingi zirudi kwa lazima. Akinifunikia udongo, sina neno. Tukakubaliana mbele na pembeni pevingi zibaki, nyuma atoe, na pasibaki hata hatua moja ya udongo mtupu inapofika Julai. Kama Julai inafika na vumbi linaruka, pevingi zinarudi. Zimepangwa pale kwenye ukuta, sijaruhusu ziuzwe.

Nawaomba wenye ujuzi mnisaidie: nifunike kwa nini? Pemba grasi, zile nyasi za bustani, niliona kwa wenzangu ni nzuri lakini inakunywa maji kila siku, na sisi tuna mgao.

MAMA WA NZUGUNI

Dada, nimekuelewa sana, na mumeo amepata mwenza wa kufikiri naye. Pemba grasi Dodoma achana nayo labda uwe na kisima chako. Ukoka ule wa kawaida, unaota wenyewe njiani, ukishashika unakauka kiangazi unakuwa wa kahawia lakini mizizi inashikilia udongo, hauruki. Mvua ya kwanza unarudi kijani. Panda vipande Desemba mwishoni, nafasi ya kiganja. Karibu na jiko na bafu pitisha maji ya kufulia, pale utabaki kijani muda wote. Usitumie maji yenye dawa kali za kusafishia choo.

Pale panapokanyagwa sana weka kokoto ndogo juu ya kichanga, unene wa vidole vinne. Maji yanapita, vumbi halipiti. Chini ya miti weka matandazo, majani makavu na maganda ya karanga, ila acha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina, mchwa wetu hapa wakipata njia yenye giza wanapanda mpaka kwenye gome. Na matandazo yasiguse ukuta wa nyumba kabisa.

Upande wa mashariki ndiko upepo unakotoka. Huko panda safu, hata michongoma, ipunguze kasi. Ukuta wa tofali upepo unauruka na kuanguka upande wa pili na vumbi lake. Ua wa majani unauchuja.

BIBI ZABIBU, MPUNGUZI

Wanangu hamjambo. Naona mnataka kitu cha kutambaa mbele ya dirisha na mko Dodoma, halafu mnanyamaza kuhusu zabibu.

Mimi nalima zabibu tangu ujana. Chukua pingili za mzabibu ulioiva mti wake, unene wa penseli, zenye macho manne. Otesha kwenye vifuko. Ukipanda mwanzo wa mvua kwenye shimo la futi mbili lenye samadi iliyooza, mwaka wa pili unakula. Hapa kwetu mzabibu haulali kama nchi za baridi. Unaupogolea wewe, ndipo unaamka, na kwa hiyo tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kupogolea mpaka kuvuna ni kama miezi minne.

Sasa sikilizeni jambo la nyumbani, kwa sababu shambani hatulijali. Ukipogolea, mti unakuwa mifupa. Kama unapogolea Septemba kama sisi, dirisha lako linabaki wazi wakati jua ni kali. Kwa hiyo panda miwili, mmoja kila upande wa fremu. Pogolea mmoja, subiri wiki sita mpaka ujae majani, ndipo upogolee wa pili. Mavuno yatakuwa madogo madogo, lakini kivuli hakikatiki.

La pili, dawa. Zabibu za masika zinapata ubwiri, unga mweupe kwenye majani na matunda. Wakulima tunapiga dawa ya salfa na ya shaba. Dirishani kwa mtoto mwenye pumu mimi nisingepiga. Zao la masika litoeni likiwa maua, mbakie na majani tu. Kuleni zao la kiangazi, ambalo halina shida hiyo sana. Funikeni vichala kwa vifuko vya chandarua kuukuu, ndege wanaamka kabla yenu.

Fremu iwe ya bomba la chuma. Mbao mtakuwa mmewapikia mchwa.

MKE MWENYEWE

Bibi shikamoo, asante sana. La kutoa maua ya masika sikulijua, na ndilo limenitoa wasiwasi.

JIRANI WA ILAZO

Mkuu, gharama kwa jumla? Nataka kuanza lakini mfuko hauruhusu yote.

MWENYEJI WA IYUMBU

Anza na lisilo na gharama. Kung'oa nilifanya mwenyewe na kijana mmoja, mtaimbo na toroli, siku tatu. Kubwa lilikuwa tanki na gata. Fremu ya mabomba nilisubiri mshahara wa miezi miwili. Miche nilipata kwa kuomba.

MWENYEJI WA IYUMBU (mrejesho, Mei)

Wakuu, niliahidi mrejesho. Samahani kwa ukimya, masika yalikuwa na kazi.

Moramu ndiyo iliyotutoa jasho. Koleo haliingii, tulipasua kwa mtaimbo vipande kama sahani, tukavitoa mpaka kichanga chekundu cha asili kikaonekana. Pale shimo lilelile la ndoo mbili likamaliza maji kwa muda wa kunywa chai. Ziada ya moramu sikuitupa, nimeinyanyulia tuta dogo kando ya fensi ya bondeni, maji yakijaa yanazunguka yanarudi kwenye miti. Mvua kubwa ya Januari nilisimama getini na mwavuli kuangalia. Nyuma halikutoka tone. Mbele, kwenye pevingi zilizobaki, yalitoka, lakini nusu ya zamani. Jirani wa bondeni nilikwenda kumwomba radhi kwa miaka ile. Alinipa miche ya mlonge kumi na minne.

Tanki tumeweka moja la lita 10,000. Lilijaa kabla Februari haijaisha.

Ukoka umeshika isipokuwa mita kama mbili karibu na kamba ya nguo, pale tumeweka kokoto. Julai inakuja, mama watoto ameshaweka alama kwenye kalenda. Pevingi bado zimepangwa ukutani na mimi sijazigusa.

Zabibu moja imefika juu ya fremu, ya pili ilipata mchwa mwezi wa pili ikafa. Kosa langu, niliweka matandazo mpaka kwenye shina licha ya kuambiwa. Nimepanda nyingine. Kwa sasa kwenye dirisha tumefunga chandarua cha kivuli cheusi, kile cha vitaluni, kwenye fremu hiyohiyo. Sebule saa kumi inakalika. Matundu juu ya siling tumetoboa, na hilo ndilo tulilosikia tofauti yake usiku uleule.

Sasa mkungugu. Nilifungua kona ile kwa mikono kama mzee alivyosema. Kisiki kilikuwa kikavu juu, kimeliwa na mchwa katikati, nikakata tamaa. Lakini ubavuni, upande wa fensi, gome lilikuwa hai, rangi ya chungwa ukilikwaruza, na palikuwa na makovu ya panga langu ya miaka mitatu, moja juu ya jingine. Yametoka maotea kumi na moja. Nimeacha matatu. Refu kuliko yote limenipita kifuani tayari, sijalimwagia kikombe kimoja. Binti yangu ndiye aliyefunga kitambaa, ametumia utepe wake mwekundu wa nywele.

FUNDI KIZOTA

Safi sana. Fensi iko hatua tatu, kwa hiyo siku moja mzizi utaigusa. Usikate mti. Ukiona ufa, niite, tunatoa tofali za pale chini, tunamimina mkanda wa zege unaoruka juu ya mzizi, ukuta unakaa juu yake.

MZEE WA MVUMI

Hayo matatu, mwakani Desemba baki na moja. Huo wa kifuani ukiwa umeinama usiuchague kwa urefu, chagua ulionyooka.

MWENYEJI WA IYUMBU

Nimepokea mzee. Umeinama kidogo kuelekea kwa jirani, nitauangalia.

Mama atakuja Agosti. Kivuli cha mti bado hakitoshi, mlonge uko usawa wa dirisha. Nimepima jana saa nane kwa mkeka wake wenyewe aliouacha: chini ya fremu ya zabibu na chandarua unaenea wote, na panabaki mahali pa ungo.

Jirani wa Ilazo, miche ya mlonge ninayo sita imebaki. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, uje na ndoo.